Kuosha Mara Tatu

Vijana wa labo ya kupima damu, mkuu wenu ameniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tukiosha chembe nyekundu kwa mkono, kabla hamjaletewa hizo kadi zenu za jeli zinazopima bila kuosha. Anasema kadi zikichelewa kufika mnabaki mmekunja mikono, na wazee wanaojua kuosha wamepungua. Kusema kweli tumebaki wawili, na mwenzangu haoni tena. Basi nakubali. Muda ninao mwingi kuliko ninavyoutaka. Nakaa Kinanira, hapahapa Bujumbura, kwenye nyumba ambayo mwanangu Idi aliijenga akiwa Kanada, nyumba ya vyumba vitano na mzee mmoja. Asubuhi nasikia ndege, jioni nasikia friji. Nikipiga chafya, hakuna wa kuniombea rehema.

Nitaandika ninavyokumbuka. Anayetaka mambo yapangwe kwa miaka asome kitabu cha darasani.

Tuanze na kushika, maana kazi yetu yote ni hiyo. Ninyi mnafundishwa kwa picha za rangi kwenye simu. Sisi tulifundishwa kwa uzi. Mkuu wetu aliitwa Chef Melkiori, Mrundi mrefu wa kutoka milimani, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, na koti lake jeupe lilinyooshwa mpaka unaogopa kuligusa. Siku yangu ya kwanza alichukua uzi wa kushonea, akaukunjakunja ukawa fundo, akaniwekea kiganjani.

"Hii ndo protini," akasema. "Uzi murefu wenye umejikunja. Lakini fundo yote haishike kitu. Iko kasehemu kamoja tu, kadogo, ndo kanashika. Kale kasehemu kakiharibika, fundo yote utupe."

Alinieleza kwamba seli haina macho wala masikio. Habari zote za dunia inazipata kwa kushikwa na kushika. Iko protini inayoshika hewa ndani ya damu na kuipeleka hadi kidole cha mguu. Iko nyingine imekaa ukutani mwa seli, inangoja mjumbe mmoja tu, na asipokuja huyo haimfungulii mwingine. Kila moja ina kile kisehemu chake, na kila kisehemu kina anayekifaa. Nilikuwa kijana wa mtaa wa Bwiza niliyezoea kelele za gereji ya baba yangu, sikujua kama ndani ya mtu mna shughuli kubwa hivyo, tena ya kimyakimya.

Sasa njoo kwenye kingamwili, ambayo ndiyo mkate wetu. Mnaijua manati ya kupigia ndege? Umbo lake ni hilo. Juu ina mikono miwili, chini ina shina. Mikono ndiyo inayomkamata mgeni, na kila kingamwili ina mgeni wake. Shina kazi yake ni nyingine: ndipo wengine wanapoishikia yenyewe. Bandama lina seli zinazokula, nazo hulishika lile shina na kumeza chembe nzima iliyoshikamana nalo. Na kondo la nyuma la mama mjamzito nalo lina mlango unaolishika shina hilohilo na kuivusha kingamwili mpaka kwenye damu ya mtoto. Ni rehema kubwa, maana mtoto anazaliwa na kinga ya mama yake. Ila mlango ule hauulizi anayevuka anakwenda kufanya nini. Naomba jambo hili mlikumbuke, nitalirudia.

Kingamwili tunazozitafuta sisi zina ufupi wake. Zinaikalia chembe nyekundu, lakini hazifiki kwenye chembe ya jirani, kwa kuwa chembe zenyewe zinasukumana. Ukitazama kwenye tibu, vile vichupa vyembamba vya kioo, unaona damu imelainika, hakuna bonge hata moja, kumbe kila chembe imevalishwa. Ndipo unatia dawa ya kupimia. Nayo ni kingamwili, ila mikono yake inashika shina la kingamwili ya binadamu. Inashika shina la chembe hii na shina la chembe ile, inazivuta, na bonge linaonekana kwa macho.

Lakini serum ya mgonjwa, yale maji ya damu yake tunayoyachanganya na chembe za kupimia, imejaa kingamwili nyingine zinazoelea tu, na zote zina shina lilelile. Ukibakisha matone mawili ya serum, dawa yako itazishika hizo zinazoelea, na ikifika kwenye chembe haina tena mkono mtupu. Utaona damu laini. Utaandika hasi. Utakuwa umesema uongo na wala hutajua.

Ndiyo maana ya kuosha. Jaza maji ya chumvi kwa nguvu, chembe zipande juu zote. Zungusha kwenye mashine. Mwaga kwa mara moja, tibu ikiangalia chini, na usiirudishe wima mpaka umefuta mdomo wake kwa karatasi. Hiyo ni mara moja. Fanya mara tatu. Kisha ukipata hasi, usiamini bado. Ongeza tone la chembe za kuhakikisha, zile ambazo tumekwisha kuzivalisha kingamwili wenyewe kwa makusudi. Hizo lazima zigande. Zisipoganda, basi mikono ya dawa yako ilikuwa imejaa zamani, na kipimo chako ni bure. Anza upya, hata kama mgonjwa anapiga mlango.

Chef alikuwa akinitania. "Hamisi, we unaosha mikono mara tatu, mudomo mara tatu, miguu mara tatu, mbele ya kusali. Chembe nazo zinasali, usizisahau."

Wiki ya kwanza nilitikisa tibu kwa bidii mpaka bonge zuri likapasukapasuka. Chef akainua nyusi: "We unapima damu ama unatengeneza jus?" Jina hilo la Jus, yaani juisi, nilitembea nalo miaka. Hata mlinzi wa getini alinisalimia hivyo.

Kulikuwa pia na yule mfanyabiashara wa vitenge wa Bwiza aliyepaswa kufanyiwa upasuaji. Tukamwita aje kutolewa damu ya kupima, akamleta mdogo wake.

"Mukamate ya huyu," akasema, "mi naogopa sindano. Baba moja, mama moja, damu ni moja."

Nikamweleza kwamba hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na makundi tofauti. Hakukubali. Basi tukawapima wote wawili ili aone kwa macho yake, na kweli makundi yakatofautiana. Yule bwana akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. "Kumbe huyu si ndugu yangu?" Akatoka mbio kwenda kumuuliza mama yake. Nililazimika kumkimbilia mpaka barabarani nikiwa na koti la labo, nikimwita, watu wananicheka, nimshike kabla hajamvunjia mama wa watu heshima.

Hadithi hiyo Zuhura aliipenda kuliko zote. Aliniomba niirudie hata mbele ya wageni.

Zuhura alikuwa mke wangu. Nilimposa kwa namna ambayo leo mngenishtaki. Wengine walipeleka manukato, mimi nilimwomba kidole nikakitoboa, nikamwambia nataka nimjue mpaka ndani. Alicheka huku analamba damu. Likatoka kundi O, rezusi hasi. Mimi ni chanya. Nikampelekea Chef habari kama mtu aliyeokota lulu.

"Umuoe," Chef akasema. "Ni mutoto mwema. Lakini hasi na chanya, ujue nyumba yako itataka macho."

Mnajua alichomaanisha. Mtoto akirithi chanya ya baba, damu yake ikichanganyika na ya mama wakati wa kuzaa, mwili wa mama unajifunza kutengeneza kingamwili za kushika chembe za mtoto. Wa kwanza husalimika. Mama anapaswa kuchomwa sindano ndani ya siku tatu, ili mwili wake usijifunze. Idi alipozaliwa, chanya kama mimi, sindano haikupatikana mjini. Niliizunguka Bujumbura yote siku tatu nzima. Siku ya nne nikakaa chini.

Miaka miwili baadaye Zuhura akabeba mimba ya pili. Alipofika mwezi wa saba alikuja labo kutolewa damu ya kuangalia kama zile kingamwili zimeanza. Ilikuwa Ramadhani, Chef alikuwa ameitwa mkutanoni.

Labo yetu ilikuwa na sheria moja: usipime damu ya mtu wa nyumbani kwako. Mkono wako utatafuta unachokitaka. Kabla ya kwenda, Chef alinikumbusha.

"Ya bibi yako uache kwa barafu. Mi nitaipima kesho."

Sikungoja kesho. Nilitaka nifike futari na karatasi mkononi, nimwone akifurahi. Nikapima mwenyewe, jua linakwenda, natazama saa. Nikaosha mara ya kwanza vizuri. Nikaosha mara ya pili. Mara ya tatu nikaiacha, nikajiambia maji yametoka safi kabisa. Nikatia dawa, damu ikalainika. Chembe za kuhakikisha sikuzigusa. Nikaandika hasi, nikatia sahihi, nikapita katikati ya Bwiza kwa mwendo wa mtu aliyeteuliwa kuwa waziri. Zuhura aliisoma karatasi kabla ya kuonja tende. Aliibusu. Kesho yake nikamwambia Chef kwamba nimekwisha kupima, ni hasi, nimehakikisha. Alinikasirikia kwa kuvunja sheria, lakini aliniamini.

Karatasi ingekuwa ya kweli, daktari angemfuatilia Zuhura kila wiki, angemzalisha mapema, damu ya kumbadilishia mtoto ingekuwa imetafutwa na inangoja. Pengine mtoto angekufa hata hivyo. Nimejiambia hivyo mara nyingi na bado sijashawishika.

Alizaliwa msichana, mweupe kupita kiasi. Kufika jioni macho yake yalikuwa ya manjano. Nilijua kabla daktari hajasema neno. Kingamwili zilikuwa zimevuka ule mlango wiki baada ya wiki, zikishika chembe zake moja moja. Damu ya kumbadilishia ilitafutwa kwa haraka, ikachelewa. Aliishi siku mbili. Zuhura alikuwa amekwisha kumwita Salma, bila kungoja siku ya saba. Tulimzika adhuhuri, mimi nikiwa nimembeba, na alikuwa mwepesi kuliko koti langu la kazi.

Chef alikuwa na tabia ya kuhifadhi kwenye barafu serum ya kila mama mjamzito. Wiki iliyofuata alifunga mlango wa labo tukiwa wawili ndani, akaitoa ya Zuhura, akaichanganya na chembe chanya, akaziosha mbele yangu. Moja. Mbili. Tatu. Akatia dawa, akazungusha, akainua tibu kwenye mwanga wa dirisha. Bonge moja kubwa, na maji masafi pembeni.

Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Kwa daftari, mi nitaandika ukweli," akasema. "Kwa bibi yako, ni we utasema. Apana mi. Ninyi munakuwa na arobaini. Mbele ya arobaini kufika, useme."

Nikasema ndiyo, Chef.

Kila jioni nilirudi nyumbani na maneno mdomoni, nikamkuta Zuhura amekaa na zile nguo ndogo, nikayameza. Siku ya arobaini Chef aliniuliza asubuhi, "Ulimwambia?" Nikamjibu, "Nilimwambia." Aliniwekea mkono begani. Alasiri akaja kwenye kisomo nyumbani kwetu, msalaba wake ameuficha ndani ya shati kwa heshima, akakaa na wanaume, kisha akaenda kumpa Zuhura pole.

Baada ya siku hiyo maisha yaliendelea, au mimi niliona hivyo. Daktari alitukataza mimba nyingine, akasema hali itazidi kuwa mbaya kila mara, kwa hiyo Idi akabaki peke yake. Na Zuhura akawa na desturi moja. Kila jioni baada ya Magharibi, akishanimiminia chai, alikaa mbele yangu, akakunja mikono, akauliza, "Haya, Baba Idi. Leo hauna kitu ya kuniambia?"

Nilidhani anataka habari za kazini. Nikampa. Nilimpa mfanyabiashara wa vitenge, nikampa Jus, nikampa mgonjwa aliyeleta choo kwenye chupa ya marashi. Nilijifunza kuwa mchekeshaji mzuri. Zile hadithi nilizowaandikia huko juu, vijana, zote zilipikwa pale mezani, nikilizungushia maneno jambo moja nisilolisema. Alicheka kila mara. Akishacheka alingoja kidogo, kisha akainuka kuondoa vikombe. Kule kungoja nilikuona. Sikukuelewa, au sikutaka.

Chef alistaafu, akarudi milimani kwao, akafa huko. Idi alikwenda Kanada. Mimi nilipewa sherehe ya kustaafu, keki na saa ya ukutani. Na jioni swali likaja palepale, na mimi nikatoa hadithi.

Zuhura aliugua ini, akawa hawezi tena kumimina chai, nikawa nammiminia mimi. Jioni moja, sauti imekwisha kuwa ndogo, akauliza, "Hauna kitu ya kuniambia?" Nikamwambia ile ya mfanyabiashara wa vitenge. Alitabasamu kidogo, akageukia ukutani. Alikufa Ijumaa iliyofuata.

Baada ya arobaini yake, mdogo wake Mariamu alikuja kunisaidia kugawa nguo. Alikuwa anakunja kanga, hanitazami.

"Shemeji," akasema, "dada alinikataza kusema akiwa muzima. Sasa hayuko, mi sitaweza kuibeba peke yangu. Alijua."

"Alijua nini?"

"Ya Salma. Ile siku ya arobaini, Chef wako alikuja kumwambia: 'Nashukuru Hamisi alikuambia, haikuwa kitu chepesi.' Dada akamuuliza, kuniambia nini? Ule mzee akashituka, akataka kuondoka. Dada alimshika shati. Akasema yote, akalia, akaomba musamaha kwa ajili yako."

Nilikaa juu ya nguo.

"Na yeye akasema nini?"

"Alisema nisikuambie kama anajua. Alisema, 'Nishamusamehe. Lakini namungoja. Atasema mwenyewe.'"

Basi hiyo ndiyo hali yangu, na ndiyo sababu nyumba hii ni kubwa hivi. Watu wanadhani ninamlilia mke wangu kwa kuwa amekufa. Nalia kwa kuwa kila jioni tulikaa mezani wawili na kila mmoja alikuwa peke yake, na mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Siku hizi baada ya Magharibi natengeneza chai ya mtu mmoja na sina wa kuniuliza kitu. Idi ananipigia simu Jumapili, ananiuliza kama nimekula. Hajui habari hii. Ataisoma humu, nitamtumia nakala.

Jumanne iliyopita nilikuja kwenu kuwaonyesha kuosha, kama tulivyopatana na mkuu wenu. Ninyi mlikuwa mnacheka kuona tibu za kioo. Wengi mliosha vizuri. Nilikaa nyuma ya Ariane, yule mwenye miwani, anayeshika tibu kwa vidole viwili kama Chef. Nilimwona akimwaga mara ya kwanza, nikamwona akimwaga mara ya pili, nikamwona akitia dawa. Damu ikalainika. Akachukua kalamu aandike.

Sikumkemea. Nilivuta kiti karibu. Maneno yalinitoka kabla sijayafikiri, na yalitoka kwa sauti ya Zuhura.

"Hauna kitu ya kuniambia?"

Aliinua macho. Nikaona damu inampanda usoni. Akaweka kalamu chini.

"Papa," akasema, "nimeosha mara mbili."

Nikamwambia arudie, akarudia. Wala hakuna aliyegeuka kutazama. Mimi nilitoka nje nikashika nguzo ya baraza, na kama kuna aliyeniona, sasa anajua kwa nini.

Nimeosha mara mbili. Ni maneno matatu, vijana. Ariane aliyasema akiwa amekaa palepale, kabla mashine haijapoa. Zuhura aliyangoja hayohayo kwangu kila jioni, chai ikiwa imemiminwa, mpaka siku aliyogeukia ukuta.